Taa Iliyowekwa Sakafuni

Mabanga, Bungoma
16 Machi 2025

Kwako Sandra,

Sijambo. Ng'ombe amezaa, ndama ni jike, ana doa jeupe usoni kama aliyepigwa na unga. Mvua ilianza Jumanne na mahindi yangu yalikuwa ardhini kabla jirani yangu Rosaline hajapata hata mpini wa jembe. Goti la kushoto linauma lakini sijalipatia ruhusa ya kunilaza. Hizo ndizo salamu. Sasa kaa chini usome.

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa nyuma ya zizi nachanganya mbolea. Nikasikia kilio langoni. Si kilio cha mtoto aliyeanguka, ni kile cha akina mama wazima, cha kutoka tumboni, cha matanga. Nikajiuliza, ni nani amekufa hapa kwangu na mimi sina habari? Nikaja mbio, mikono imejaa samadi. Nikawapata Rosaline na akina mama sita wa kanisa, leso kiunoni, mmoja ana sukari kilo mbili, mwingine ana mzigo wa kuni kichwani. Rosaline alikuwa amejitupa mbele ya mlango wangu anaita, "Nabwile wee, umeniachia nani?"

Nikamwambia, "Nimekuachia huo mlango. Toka hapo nipite."

Akageuka akaniona. Sandra, huyo mama na uzito wake wote aliruka kama mbuzi. Yule wa kuni akaziangusha kwenye mguu wa mwenzake, na mpaka leo mwenzake anachechemea. Mwingine akaanza kukemea pepo kwa jina la Yesu, na pepo ndiye mimi, nimesimama kwangu na samadi yangu.

Walipopoa nikawapikia chai kwa ile sukari yao, na iliyobaki sikuirudisha. Ndipo Rosaline akatoa simu. Anasema aliletewa na mwanawe Derrick, na Derrick aliletewa na watu. Nikatazama. Ni nyumba yangu, sebule yangu, kiti changu kitupu, giza kila mahali, na taa ya mafuta imewekwa sakafuni. Chini yake watu wameandika poleni, poleni watu wa Mabanga, Mungu awatie nguvu.

Wewe umekulia Kitale kwenye stima na balbu, labda hujui. Huku kwetu taa inakaa mezani au inaning'inia. Ikishuka sakafuni, ujue kuna mtu amelazwa ndani ya sanduku na taa imewekwa karibu na kichwa chake. Siku hizi matanga yana mahema na jenereta, lakini mtu wa umri wangu akiona taa chini na kiti kitupu haulizi. Anatafuta leso.

Januari ulikuja na yule kijana mrefu, Kibiwott. Ukaniambia mnapiga picha za ukumbusho za nyumba. Nikawachinjia kuku. Ukaniambia, Kukhu, nyanya yangu, wewe nenda tu mkutano wako wa kanisa, sisi tutafunga mlango. Kumbe mlikuwa mnafunga madirisha. Nilirudi nikakuta blanketi zangu zina vumbi nikampiga mbuzi bure.

Niambie hiyo ni kitu gani mlifanya kwangu. Niandikie, usinipigie. Kwa simu unanikatiza, halafu salio linaisha nikiwa katikati ya kukugombeza. Mukhisa anayeleta vitunguu huko Kitale atabeba barua kila akija.

Ni mimi ambaye bado ni mzima,
Nabwile


Kitale
30 Machi 2025

Mulembe, Kukhu,

Mimi ni mzima, ila nimesoma barua yako nikiwa studio na mteja wa picha za pasipoti aliniuliza kama nimefiwa. Huku nako mvua imeanza. Kazi ni harusi za Jumamosi na watoto wa kubatizwa, na Kibiwott anakusalimu. Anasema ile kuku hajaisahau, na anaomba radhi kwa mbuzi.

Kukhu, nisamehe. Niliogopa kukuambia kwamba ni filamu ya kutisha, nikajua utanifukuza na kamera yangu. Ni filamu ya dakika kumi na mbili. Kile mlichokiona ni mwanzo wake tu, dakika mbili za kwanza. Nilimtumia rafiki mmoja anipe maoni, yeye akatuma kwingine, ikafika mpaka kwa Rosaline bila jina na bila maelezo. Mwambie pole. Na yule mama wa mguu pia.

Umeniuliza ni kitu gani tulifanya kwako. Wacha nikueleze vizuri, kwa sababu ndiyo kazi ninayoitaka maishani.

Mwanzoni mwa filamu kama hii bado hakuna ubaya wowote uliotokea. Hakuna mtu amekufa, hakuna aliyepiga kelele. Lakini anayetazama lazima aanze kuogopa hapo hapo, la sivyo umempoteza. Kwa hivyo mzigo wote unabebwa na kamera na mwanga. Jua liko juu, Kukhu. Balbu iko juu. Tangu tuzaliwe vivuli vinaanguka chini na macho yetu yamezoea hivyo. Ukiweka mwanga chini, vivuli vinapanda ukutani, kiti kinakuwa kirefu kuliko mwenye kiti, na jicho linakataa kabla kichwa hakijajua linakataa nini.

Halafu ule mlango wa chumba cha ndani. Tuliuacha wazi kiasi cha mkono, upande wa kulia wa picha, mweusi kabisa. Ndani hatukuweka kitu. Anayetazama ndiye anaweka, na atakachoweka yeye kinamtisha kuliko chochote ambacho mimi ningeweza kununua. Kamera tuliilaza chini ya meza juu ya gunia, mimi nikalivuta gunia polepole kuelekea kwenye kiti, polepole kuliko mtu yeyote anavyotembea, bila kukata. Picha ikikatwa mtu anapata nafasi ya kupumua. Isipokatwa anabaki mle ndani pamoja na wewe.

Na yote hayo tulipiga saa nane mchana. Ndiyo kazi ya blanketi.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe ishirini na tatu Agosti filamu za vijana zitaonyeshwa katika ukumbi mmoja hapa Kitale. Mtengenezaji mmoja atachaguliwa apewe mwaka mzima wa mafunzo ya kamera. Mmoja tu. Wanaochagua wanatazama mwanzo, na wasiposhikwa wanaenda kwa anayefuata. Mimi nina huo mwanzo na sina kingine. Lakini lazima mwenye nyumba atie sahihi fomu ya kukubali, na ifike kwao kabla ya mwisho wa Julai. Nimeikunja humu ndani.

Nakuomba, Kukhu.

Mjukuu wako mwenye makosa,
Sandra


Mabanga
20 Aprili 2025

Sandra,

Leo ni Pasaka na nimeacha wali jikoni ili nikuandikie. Ndama anaendelea. Palizi ya kwanza imekwisha. Mama wa mguu amepona, lakini kila akiniona anashika mguu.

Nimeitazama hiyo sinema yako yote, hizo dakika mbili. Mara ya kwanza niliona kiti na taa tu, simu ikafungwa watu wakarudi kwenye chai. Safari hii nilimwambia Rosaline aniletee simu mchana kweupe, tukakaa barazani kwake, kuku wanadonoa miguuni. Yeye alishika simu na mimi nilimshika yeye.

Nitasema ukweli kwa sababu mimi si mnafiki. Kiti kile nakijua. Mguu wake wa nyuma una msumari niliopiga mwenyewe. Nimekalia kiti hicho miaka na miaka, nimeshonea hapo, nimelala hapo na homa. Na nilikiogopa. Jua linachoma, kuku wanalia, na mimi naogopa kiti changu. Sijui kama hiyo ni kazi au ni uchawi, lakini imenishika, siwezi kukunyima hilo.

Halafu ikaja miguu ya watu. Inapita mbele ya taa, inapita, nyuso hazionekani, ni viatu tu na pindo za nguo. Nikawa nahesabu watu mpaka nikachanganyikiwa. Rosaline alizima simu. Nikamwambia washa. Akasema, "Nabwile, mimi siwashi." Nikainyakua nikaiwasha kwa kidole changu mwenyewe.

Sasa nijibu, na usinizungushe. Umeniambia ulitaka mwanga wa kutoka chini. Sawa. Nyumba ina sakafu kubwa. Ungeiweka taa katikati. Ungeiweka mlangoni. Kwa nini umeiweka pale, kati ya meza na dirisha la mashariki? Nani alikuonyesha pale? Na hiyo kamera, kwa nini ikae chini ya meza, kwenye ile kona na si kona nyingine?

Katika nyumba hii taa imewekwa sakafuni siku moja tu, siku ya baba yako Jairus. Mzee wangu alilazwa nyumba ile ya zamani kabla haijabomolewa, kwa hivyo ni Jairus peke yake. Na wewe hukuwepo. Ulikuwa na miaka minne, ulikuwa Webuye kwa shangazi yako Nekoye. Hukuona kitu. Kwa hivyo kuna mtu amekuambia, na nataka jina lake.

Fomu sitii sahihi.

Nabwile


Kitale
18 Mei 2025

Mulembe, Kukhu,

Nimechelewa. Mukhisa alikuja mara mbili na mara zote nilimwambia sijamaliza kuandika, na kweli nilikuwa sijaanza. Nashukuru kwa habari za ndama. Kazi ipo. Kikohozi kilinishika wiki moja kikaniacha.

Hakuna mtu aliyeniambia, Kukhu. Naapa.

Nitakueleza ilivyokuwa siku ile ulipokwenda kanisani. Tulianza na taa mezani. Kibiwott akapiga, tukatazama, ikawa nyumba tu, nyumba ya nyanya ya mtu. Tukaiweka kwenye kiti, ikawa kichekesho. Kibiwott akasema tuijaribu mlangoni. Mimi nikaichukua, nikaenda moja kwa moja nikaiweka pale unaposema. Sikufikiria. Ni kama unavyonyoosha mkono gizani na swichi iko pale pale. Halafu nikalala chali chini ya meza kuona kamera ingeona nini, na nilipogeuka ubavu na kuitazama taa kutoka pale, nikaushika mguu wa meza nisiuachie. Kibiwott akaniuliza kama nimekula. Ilibidi yeye ndiye aiweke kamera na kuiwasha.

Miguu ile yote ni ya watu wawili, Kibiwott na mwenzetu Chemutai, aliyefika ulipokuwa umeondoka. Walikuwa wanazunguka nyumba kwa nje na kuingia tena na viatu vingine. Wao walicheka siku nzima. Mimi nilikuwa nawaambia, tena, tena, polepole, msisimame. Chemutai akasema, "Sandra bana, hii umeiona wapi?" Nikamwambia nimeisoma.

Sijaisoma popote.

Baada ya barua yako nilimpigia Mama kule Malakisi. Nikamuuliza, siku ya Baba mimi nilikuwa wapi. Akasema laini inakatakata. Halafu akaniuliza kama Kitale kumenyesha. Nikamuuliza tena. Akasema, "Hayo muulize Kukhu wako, yeye ndiye alipanga."

Nimekuuliza sasa. Nilikuwa Webuye, si ndiyo?

Sandra


Mabanga
25 Mei 2025

Sandra,

Tumejaa matope. Viwavi wameingia kwa mahindi ya Rosaline, kwangu bado.

Mama yako Fridah mdomo wake haujui kufunga wala kufunguka sawasawa. Ulikuwa Webuye. Nekoye alikupikia mandazi. Uliambiwa hivyo ukiwa mdogo na hivyo ndivyo.

Fomu yako iko juu ya kabati na itakaa huko. Ukitaka kutisha watu tafuta nyumba ya mtu mwingine, Kitale imejaa nyumba. Nyumba hii ni ya kulala.

Mukhisa ananingoja langoni. Sina zaidi.

Nabwile


Kitale
15 Juni 2025

Mulembe, Kukhu,

Natumai viwavi wamekupita. Hapa kuna baridi ya asubuhi na mimi navaa ile sweta yako ya kijani.

Nimefanya ulivyoniambia. Nimetafuta nyumba nyingine. Shangazi yake Chemutai ana nyumba nje kidogo ya mji, njia ya mlimani, yeye ni mtu mkarimu na fomu aliitia sahihi hata kabla sijamaliza kueleza. Tulipiga siku mbili. Taa sakafuni, kamera chini, mlango wazi kiasi cha mkono, miguu inapita. Kila kitu ninachokijua nilikiweka. Tulipoitazama Kibiwott alisema ni nzuri, ni safi. Halafu akaanza kula mahindi. Kukhu, mtu anatazama mwanzo wa filamu ya kutisha na anatafuna mahindi.

Ndipo nikajua kwamba sikuwa na ufundi. Nilikuwa na nyumba yako, na kitu kingine ambacho sijui jina lake.

Sikuombi sahihi tena. Wakinipita Agosti watakuwa wamenipita. Nitaendelea na harusi. Lakini kuna jambo moja sikukuandikia mara ile nikaona ni la kipuuzi. Katika ile picha ya kwako, karibu na taa, kuna viatu vya kiume, vya kahawia, vimekaa peke yake. Nilivinunua mitumba hapa Kitale, nilivitafuta Jumamosi tatu, nikikataa vyeusi, nikikataa vya ncha kali. Vilipopatikana vilikuwa na kamba mpya nzuri. Nikakaa chini nikazitoa kamba zote mbili. Kibiwott akaniuliza kwa nini, nikazitia mfukoni.

Wewe umeviona viatu hivyo kwenye simu ya Rosaline. Umeniandikia juu ya taa, kiti, kona na miguu. Juu ya viatu hujaandika hata neno moja.

Sikulazimishi. Lakini ukiamua kuniambia tena kwamba nilikuwa Webuye, usiniandikie kwanza. Ngoja nizoee.

Sandra


Mabanga
13 Julai 2025

Kwako mjukuu wangu Sandra,

Sijambo, na goti halijambo. Mahindi yamenipita kimo. Ndama ameachishwa na analia usiku kucha kama vile mimi ndiye nimemuibia mama yake. Rosaline anakusalimu. Amekaa hapa jikoni kwangu wakati naandika, nimemwambia asiseme neno, na kwa mara ya kwanza ametii.

Nimeanza barua hii mara nne. Mimi nilifika darasa la nne tu, lakini herufi hazijawahi kunishinda. Safari hii zimenishinda. Basi nitaandika kama zinavyokuja.

Hukuwa Webuye.

Baba yako homa ilimmaliza siku tatu, mwaka elfu mbili na sita, mwezi wa nne. Aliletwa kutoka mochari saa nane mchana. Wingu lilikuwa limefunga mbingu yote, mvua imeanza, na stima huku ilikuwa bado. Ndani hata uso wa mtu aliye mbele yako huuoni. Nikachukua taa mimi mwenyewe nikaiweka karibu na kichwa chake, kati ya meza na dirisha la mashariki. Watu wakaanza kupita kumtazama, wanaingia kwa mlango mkubwa, wanatokea jikoni. Matope, viatu, viatu, matope.

Nekoye alikuwa amekuja asubuhi akupeleke kwake Webuye. Hakukuona, akadhani Fridah amekuacha kwa jirani. Fridah akadhani umekwenda na Nekoye. Na mimi, Sandra, mimi sikudhani chochote. Siku ile sikukumbuka kama nina mjukuu. Kwangu siku hiyo kulikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na alikuwa amelala pale.

Ilipokaribia jioni taa ikaanza kufifia. Nikainama niongeze mafuta. Na chini ya meza, kwenye ile kona, kulikuwa na macho mawili yananitazama, na ndani ya kila jicho kuna taa.

Nilipiga yowe ambalo sijawahi kupiga tena. Watu waliokuwa nje wakalipokea, wakadhani namlilia mwanangu. Sikuwa namlilia mwanangu. Nilikuwa nimeogopa mtoto. Nilikuogopa wewe. Nilirudi nyuma nikaangusha kopo la mafuta, na badala ya kukutoa pale niliwaita wengine wakutoe. Rosaline ndiye alitambaa chini ya meza akakuvuta. Ulikuwa mgumu kama kuni, huna chozi. Umekumbatia viatu vya kahawia vya baba yako, vile alivyokwenda navyo hospitali, vilirudishwa kwenye mfuko pamoja na nguo. Kamba ulikuwa umezitoa. Ulikuwa umejifunga nazo mkononi, kuzungusha, kuzungusha, mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Rosaline alizikata kwa kisu cha kukatia mboga ya sukuma wiki.

Saa ngapi uliingia hapo hatujui. Rosaline anasema labda hata kabla hajaletwa. Kama ni hivyo uliona kila kitu, tangu sanduku linashushwa.

Baada ya hapo hukusema. Hukulia, hukusema, hukuomba hata maji. Aprili, Mei, Juni, mpaka tunavunja mahindi. Watu walianza kusema mtoto ameharibika. Siku moja ukaingia shambani ukanivuta nguo ukasema, "Kukhu, njaa." Nilikaa chini kwenye mabua. Na pale pale nikaamua. Nikawaita Fridah, Nekoye na Rosaline nikawaambia: huyu mtoto siku ile hakuwepo. Alikuwa Webuye, alipikiwa mandazi. Fridah alikataa, akasema mtoto atajua. Nikamwambia mtoto wa miaka minne hajui kitu. Rosaline nikamwambia, ukitamka tena kwamba alikuwa chini ya meza, usije kwangu hata siku nitakayokufa. Hakutamka, na umesoma mwenyewe, Machi alikuja.

Tukakuambia Webuye ukakubali. Ukaongeza na yako, ukawa unasema mandazi yalikuwa ya moto. Nikafurahi. Nikasema nimeshinda. Miaka kumi na tisa nimetembea na furaha hiyo, nikajiona mwanamke mwenye akili kuliko wote wa Mabanga, aliyemtolea mtoto kitu kibaya kichwani kama unavyotoa funza. Halafu naletewa simu, na kitu chote kipo. Taa ipo mahali pake, kona ni ile, viatu havina kamba. Hakikutoka hata kidogo. Nilichofanya ni kukuacha nacho peke yako.

Ndiyo maana sikuandika juu ya viatu. Nilipoviona nilimrudishia Rosaline simu, nikarudi kwangu nikaitupa fomu yako juu ya kabati.

Mimi sijui kuomba msamaha kwa karatasi. Nilikudanganya, na nilijua nakudanganya, na nilifanya kwa kupenda. Hayo yote matatu ni ya kweli.

Sasa sikiliza neno la sinema yako, kwa sababu nimeitazama tena jana nikiwa peke yangu. Rosaline aliniachia simu. Ina kosa moja. Kamera inasogea. Inatambaa kuelekea kiti. Wewe hukusogea, Sandra. Ulikaa. Hicho ndicho kilinitisha siku ile, kwamba vitu vyote vinapita na wewe hupepesi hata jicho. Ukiiacha kamera itulie, na miguu ipite, watu wa huo ukumbi wako hawatatafuna mahindi. Lakini usifuate tu kwa sababu nimesema. Kazi ni yako. Ukitaka kupiga upya, njoo, blanketi zipo, na safari hii sitakwenda kanisani. Nitakaa hapo hapo karibu na meza.

Fomu nimeitoa juu ya kabati. Nimesoma kila mstari, Rosaline akanisaidia pale palipo na Kiingereza kingi. Jina la mwenye nyumba nimeandika, Phelista Nabwile. Sahihi nimetia, si kidole, ni sahihi.

Kisha kuna mahali wanauliza majina ya wote waliokuwepo ndani ya nyumba wakati wa tukio, na umri wa aliye mtoto. Rosaline anasema hapo wanamaanisha siku ya kupiga picha, niandike Kibiwott na Chemutai. Nimemwambia hao walikuwa nje wanazunguka na viatu. Nimeandika ninavyojua mimi. Nimeandika Fridah. Nimeandika Nekoye, ambaye alikuja akarudi. Nimeandika Rosaline, na mimi mwenyewe. Nafasi ikawa imeisha, kwa hivyo wewe nimekuandika pembeni, kwa herufi kubwa ili wasikuruke: SANDRA, MIAKA MINNE, ALIKUWEPO.

Nyanya yako,
Nabwile